Lewis Fry Richardson (1881–1953) na Hesabu ya Msukosuko

Moto wa koroboi iliyowekwa mahali pasipo na upepo huwa na ulimi mmoja uliotulia, wenye umbo linaloweza kuchorwa kwa kalamu. Moto unaovuma ndani ya tanuri la kiwanda, au katika chumba cha mwako cha injini ya ndege, hauna umbo kama hilo. Hupinda, hujikunja, hukatika na kuungana tena mara nyingi katika muda wa kupepesa jicho, kwa kuwa hewa inayoubeba imejaa visulisuli, vikubwa kwa vidogo, vinavyozunguka na kuvurugana. Hali hiyo ya mwendo wa hewa au maji ndiyo iitwayo msukosuko. Mhandisi anayetaka injini yake itumie fueli kidogo na itoe moshi mchache hana budi kuujua msukosuko huo, na kwa miongo kadhaa amekuwa akiuchunguza kwa tarakilishi. Hukigawa chumba cha mwako katika vipande vidogo mamilioni, kisha huiamuru tarakilishi ikokotoe mwendo, joto na kemia ya kila kipande, hatua moja ya wakati baada ya nyingine.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Gesi ya methani ni miongoni mwa fueli sahili mno, lakini hata yenyewe huungua kupitia msururu mrefu wa vitendo vya kikemia. Orodha moja mashuhuri iliyotolewa mwaka wa 1999 ilihesabu kemikali 53 na vitendo 325. Tabaka jembamba ambamo vitendo hivyo hutokea aghalabu halifikii unene wa milimita moja, ilhali chumba chenyewe chaweza kuwa na upana wa makumi ya sentimita. Kufuatilia kila kisulisuli na kila kitendo cha kemia kwa pamoja katika injini nzima ni mzigo unaozielemea hata tarakilishi zenye nguvu. Ndiposa wahandisi wakategemea ruwaza, yaani kanuni fupi za kihisabati zinazoeleza jinsi visulisuli vidogo wasivyoweza kuvihesabu vinavyouathiri moto. Ruwaza hizo, pamoja na mbinu ya kugawa eneo katika vipande, zina deni kubwa kwa mtu ambaye hakuwa mhandisi wa injini, aliyefanya hesabu zake kwa kalamu na karatasi, na ambaye jina lake lilipokuwa limeanza kuheshimika kote aliipa kisogo taaluma hiyo kwa hiari yake. Mtu huyo ni Lewis Fry Richardson.

Richardson alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1881 mjini Newcastle upon Tyne, kaskazini mwa Uingereza, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza ngozi. Wazazi wake walikuwa wafuasi wa Jumuiya ya Marafiki, madhehebu yajulikanayo pia kwa jina la Wakweka. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa mengi kuhusu Marafiki, kwani tangu wamishonari kutoka Marekani walipofungua kituo chao Kaimosi mwaka wa 1902, imani hiyo imestawi Magharibi mwa Kenya kuliko ilivyostawi huko Uingereza ilikozaliwa. Mojawapo ya nguzo zake ni kuikataa vita kwa hali yoyote ile. Nguzo hiyo ndiyo iliyoyaongoza maisha ya Richardson, na pia ndiyo iliyoyatia majonzi.

Alisoma katika shule ya Marafiki ya Bootham mjini York, kisha chuoni Newcastle, na hatimaye akaingia King's College, Cambridge, alikohitimu mwaka wa 1903. Hakuzama katika somo moja. Alisoma sayansi kadhaa kwa pamoja, na baada ya kuhitimu alihama kutoka kazi moja hadi nyingine kwa kasi ambayo huenda iliwatia jamaa zake wasiwasi: maabara ya taifa ya fizikia, ualimu katika chuo cha Aberystwyth huko Wales, kampuni ya mboji, kiwanda cha taa za umeme. Mwaka wa 1909 alimwoa Dorothy Garnett. Hawakujaaliwa watoto wa kuwazaa, wakalea watatu waliowapanga.

Kati ya kazi hizo zote, ile ya kampuni ya mboji ndiyo iliyozaa matunda makubwa, ingawa haikudumu hata miaka miwili. Mboji ya vinamasi hukatwa, hukaushwa na kuchomwa kama kuni. Kampuni ilitaka kujua mitaro ichimbwe vipi ili kinamasi kikauke kwa kiasi kinachofaa. Milinganyo inayoeleza jinsi maji yanavyopenya katika udongo ilikuwa ikijulikana tangu zamani, lakini wanahisabati waliweza kuitatua pale tu umbo la ardhi lilipokuwa sahili, kama vile duara au mstatili. Kinamasi hakina umbo la namna hiyo. Richardson aliona kwamba afadhali jibu la kukadiria kuhusu kinamasi halisi kuliko jibu kamili kuhusu kinamasi ambacho hakipo. Akaligawa eneo katika miraba midogo, akaandika nambari katika kila pembe ya mraba, kisha akairekebisha kila nambari kwa kuilinganisha na majirani zake hadi zote zikakubaliana na mlinganyo.

Mbinu hiyo aliipeleka mbali zaidi katika makala aliyoiwasilisha kwa Royal Society mwaka wa 1910. Mfano wake mkuu ulikuwa bwawa la mawe la Aswan, lililokamilika mwaka wa 1902 kwenye mto Nile nchini Misri. Alitaka kujua jinsi nguvu za maji zinavyosambaa ndani ya ukuta wake. Hesabu zilikuwa nyingi mno kwa mtu mmoja, naye akawaajiri vijana na kuwalipa kwa kila nukta waliyoikokotoa. Kijana mwepesi aliweza kukamilisha hesabu 2,000 kwa wiki, zile zilizokosewa zikiondolewa. Katika makala iyo hiyo alieleza jambo ambalo hadi leo limebeba jina lake: ukikokotoa mara mbili, kwanza kwa miraba mikubwa na kisha kwa miraba midogo, tofauti ya majibu hayo mawili hukuonyesha ukubwa wa kosa lako na hukuwezesha kulikaribia jibu la kweli. Mhandisi wa mwako anayetaka kuthibitisha kwamba moto wake wa tarakilishi hautokani na ukubwa wa vipande alivyovichagua hufanya jaribio hilo hilo. Wakubwa wa King's College, hata hivyo, hawakuvutiwa. Richardson aliiwasilisha kazi hiyo akitarajia kupewa nafasi ya mwanazuoni chuoni humo, akanyimwa.

Mwaka wa 1913 aliajiriwa na idara ya utabiri wa hali ya anga na kutumwa kusimamia kituo cha Eskdalemuir, mahali pa upweke na mvua nyingi katika milima ya Uskoti. Watabiri wa siku hizo walitegemea zaidi kumbukumbu: walitazama ramani ya leo, wakatafuta ramani ya zamani inayofanana nayo, wakadhani kwamba yaliyofuata wakati ule yatafuata tena. Richardson hakuridhika. Hewa hutii kanuni za fizikia kama maji ya kinamasi yanavyozitii. Kwa hivyo, alijiuliza, kwa nini isigawanywe katika vipande na kukokotolewa? Akaanza kuandika kitabu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekwisha kuanza. Kwa kuwa alikuwa mtumishi wa serikali katika kazi yenye manufaa, Richardson angeweza kubaki Eskdalemuir bila kuguswa na mtu. Hakubaki. Mwaka wa 1916 alijiuzulu, akajiunga na kikosi cha Marafiki cha kuwabeba majeruhi, akapelekwa Ufaransa kuendesha gari la wagonjwa katika kundi lililohudumia jeshi la watembeao kwa miguu la Ufaransa. Hakubeba bunduki, ila alifika kila mahali zilipofika bunduki. Alikaa huko hadi mwaka wa 1919.

Katika mapumziko baina ya safari za kubeba majeruhi ndipo alipofanya utabiri ambao umemfanya akumbukwe. Alichagua siku iliyokwisha kupita, tarehe 20 Mei 1910, kwa sababu siku hiyo vipimo vingi vya anga vilikuwa vimechukuliwa kwa baluni katika nchi mbalimbali za Ulaya. Akachukua hali ya hewa ya saa moja asubuhi, akakokotoa jinsi shinikizo la hewa litakavyobadilika katika saa sita kwenye eneo la Ujerumani karibu na Munich. Hesabu za saa hizo sita zilimchukua takriban wiki sita. Ofisi yake ilikuwa rundo la nyasi kavu katika nyumba ya baridi walimopumzikia askari. Aprili 1917, wakati wa mapigano ya Champagne, mswada wa kitabu ulipelekwa nyuma ya mstari wa vita kwa usalama, ukapotea. Ulipatikana miezi kadhaa baadaye nchini Ubelgiji, chini ya lundo la makaa ya mawe.

Jibu alilolipata lilikuwa la kutisha. Hesabu ilionyesha shinikizo la hewa likipanda kwa milibari 145 katika saa sita, jambo lisilowezekana katika dunia hii, hali vipimo halisi vya siku hiyo vilionyesha kwamba shinikizo halikubadilika karibu hata kidogo. Mwandishi mwingine angelificha jibu hilo au angetafuta siku nyingine yenye matokeo ya kupendeza. Richardson alilichapisha lilivyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1922, akaeleza kwa kina mahali alipodhani kosa limeingilia, yaani katika vipimo vya upepo alivyoanza navyo. Alikuwa karibu sana na ukweli. Miongo mingi baadaye, Peter Lynch wa Ireland aliirudia hesabu hiyo kwa tarakilishi, akavisawazisha kwanza vipimo vya mwanzo ili mawimbi ya bandia yasijitokeze, na badiliko likawa chini ya milibari moja. Mbinu ya Richardson ilikuwa sahihi. Nambari alizopewa ndizo zilizomponza. Uaminifu wake ndio uliowawezesha waliokuja baadaye kuligundua kosa.

Katika kitabu hicho pia mna ndoto moja ambayo wataalamu wa tarakilishi hawachoki kuisimulia. Richardson alikisia kwamba ili hesabu iende sambamba na hali ya hewa ya dunia nzima, wangehitajika watu 64,000 wanaokokotoa kwa wakati mmoja. Akawawazia wameketi ndani ya jumba kubwa mithili ya ukumbi wa michezo, ramani ya dunia imechorwa ukutani, kila kundi likishughulikia sehemu yake na kuwapitishia majirani nambari wanazozihitaji. Katikati, juu ya nguzo ndefu, amesimama msimamizi mwenye taa mbili. Waliotangulia mno huwamulika kwa mwanga wa waridi, na waliobaki nyuma kwa mwanga wa buluu. Weka vichakataji mahali pa watu, na chumba cha mwako mahali pa dunia, na hapo una maelezo ya jinsi moto unavyokokotolewa katika tarakilishi kuu za karne hii: kila kichakataji na kipande chake, kila kipande kikizungumza na jirani yake, na wote wakisubiriana.

Jambo la pili katika kitabu hicho ndilo lililougusa moto moja kwa moja. Richardson alieleza, kwa kibwagizo kifupi cha mzaha alichokitunga mwenyewe, kwamba visulisuli vikubwa huvilisha vidogo, navyo vidogo huvilisha vidogo zaidi, hadi mnato wa hewa unapovimeza vyote na kuvigeuza kuwa joto. Aliyewahi kuitazama chamchela ikizoa vumbi na majani uwanjani, kisha ikasambaratika katika vijipepo vingi visivyo na nguvu, ameuona mwanzo wa jambo hili kwa macho yake. Mrusi Andrei Kolmogorov aliipa fikra hii misuli ya kihisabati mwaka wa 1941. Kisha, mwaka wa 1971, Brian Spalding wa Imperial College mjini London akaitia motoni. Mbinu yake yaweza kuelezwa kwa jiko la makaa. Makaa yapo na hewa ipo, lakini moto haukolei mpaka mtu apepee. Kinachochelewesha mwako si ukosefu wa hamu ya kemia bali ni ukosefu wa mchanganyiko. Kwa hivyo, alisema Spalding, katika mwendo wenye msukosuko mkali, usihangaike kuhesabu kila kitendo cha kemia. Hesabu tu kasi ambayo visulisuli vikubwa vinavunjika kuwa vidogo, kwa maana kasi hiyo ndiyo kasi ya mwako. Magnussen na Hjertager wa Norway waliiboresha ruwaza hiyo mwaka wa 1976, nayo ikaenea katika programu za wahandisi wa matanuri na mitambo ya umeme ulimwenguni kote. Ina kasoro zake, hasa pale kemia inapokuwa ya polepole, kama katika utoaji wa gesi zenye sumu ambazo sheria za mazingira huzipiga vita. Lakini ngazi ya visulisuli aliyoichora Richardson imebaki pale pale.

Aliporejea kutoka Ufaransa mwaka wa 1919, Richardson alikuwa amerudishwa katika idara ya hali ya anga, akafanya kazi huko Benson pamoja na mtaalamu wa vipimo vya anga ya juu, W. H. Dines. Mwaka uliofuata serikali iliihamisha idara hiyo na kuiweka chini ya Wizara ya Anga, iliyosimamia ndege za kivita. Richardson hakuweza kulipokea jambo hilo. Alijiuzulu mara ya pili, akaenda kufundisha fizikia katika chuo cha ualimu cha Westminster jijini London. Hakuwahi kupata kiti cha uprofesa katika chuo kikuu chochote maishani mwake.

Hata hivyo miaka hiyo ya chuo cha ualimu ilikuwa ya rutuba. Makala yake ya mwaka wa 1920 ilionyesha lini msukosuko hukua na lini hufa pale ambapo hewa nyepesi inalala juu ya hewa nzito. Kipimo alichokitumia huitwa nambari ya Richardson, na wanaochunguza moto wa nyumba hukitumia kueleza kwa nini moshi wa moto hukaa chini ya dari kama blanketi bila kuchanganyika upesi na hewa baridi iliyo sakafuni. Mwaka wa 1926 alitoa makala nyingine kuhusu jinsi vitu vilivyoachiliwa hewani vinavyotawanyika. Ukiziachilia baluni mbili zikiwa karibu, visulisuli vikubwa huzibeba pamoja, na ni vidogo tu vinavyozitenganisha. Kadiri zinavyoachana ndivyo visulisuli vikubwa zaidi vinavyopata nafasi ya kuzisukuma mbali. Kwa hivyo kasi ya kutawanyika huongezeka kadiri umbali unavyoongezeka, na Richardson aliupata uhusiano huo katika vipimo vilivyoanzia masafa mafupi mno hadi masafa marefu mno. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kuu kwa mwanasayansi wa Uingereza.

Hapo ndipo msiba ulipomfika. Swali la jinsi moshi unavyotawanyika lilikuwa na wateja wengine. Mwezi wa Aprili 1915, huko Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilikuwa limeachilia klorini ikabebwa na upepo hadi katika mahandaki ya adui, na tangu hapo pande zote mbili zikaingia katika mashindano ya gesi ya sumu. Anayetaka kuua kwa gesi sharti ajue wingu lake litakwenda umbali gani kabla ya visulisuli kulitawanya na kulidhoofisha. Richardson alipotambua kwamba waliokuwa na hamu kubwa kuliko wote na utafiti wake wa anga walikuwa wataalamu wa gesi ya sumu, aliuacha. Kazi ambazo alikuwa hajazichapisha aliziangamiza. Mkewe Dorothy alikumbuka baadaye jinsi jambo hilo lilivyomvunja moyo.

Yupo atakayesema kwamba tendo hilo halikuokoa maisha ya mtu yeyote, kwa kuwa kazi zilizochapishwa zilikuwa zimekwisha kusambaa, na wengine waliendelea pale alipoachia. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini humhukumu Richardson kwa jambo ambalo hakudai kulitenda. Hakudai kuikomesha sayansi ya gesi. Alikataa tu mkono wake usiwemo. Gharama aliilipa yeye mwenyewe, nayo ilikuwa kuachana na kazi aliyoifahamu kuliko mtu mwingine yeyote wa wakati wake, akiwa na umri wa miaka arubaini na mitano hivi.

Akaanza upya kama mwanafunzi. Alisomea saikolojia na kupata shahada yake mwaka wa 1929, akachunguza jinsi ya kupima kwa nambari mambo ambayo watu hudhani hayapimiki, kama ukali wa sauti au wa maumivu. Mwaka huo huo akawa mkuu wa chuo cha ufundi cha Paisley huko Uskoti, kazi iliyomshughulisha mchana na mara nyingi jioni pia. Mwaka wa 1940 aliiacha kabla ya umri wa kustaafu, akakubali kuishi kwa kipato kidogo ili apate muda wa kuchunguza suala lililokuwa likimkereketa tangu alipokuwa dereva wa majeruhi: vita hutokana na nini? Alikuwa amekwisha kujaribu kulijibu katika kijitabu alichokichapisha kwa pesa zake mwaka wa 1919, na tena katika andiko la mwaka wa 1939.

Mbinu haikubadilika sana. Kama alivyoandika milinganyo ya hewa, ndivyo alivyoandika milinganyo ya mashindano ya silaha. Taifa huongeza silaha kwa kuogopa silaha za jirani, huzipunguza kwa kuelemewa na gharama, na huongeza tena kwa sababu ya manung'uniko ya zamani. Uoga ukizidi gharama, pande zote mbili hupanda bila kikomo. Fauka ya hayo alikusanya orodha ya mapigano yote aliyoweza kuyapata tangu mwaka wa 1820, akayapanga kwa idadi ya waliokufa, kuanzia mauaji ya mtu mmoja hadi vita vya dunia. Alitaka pia kujua iwapo mataifa yenye mipaka mingi hupigana zaidi, na hapo akakumbana na jambo la ajabu. Vitabu havikubaliani kuhusu urefu wa mipaka. Mpaka wa Uhispania na Ureno, mathalani, ulitajwa mahali pamoja kuwa kilomita 987 na mahali pengine kuwa kilomita 1,214. Richardson alitambua kwamba si suala la uzembe. Mstari uliopindapinda huzidi kurefuka kadiri rula ya kuupimia inavyozidi kuwa fupi, kwani rula fupi huingia katika vipindo ambavyo rula ndefu huviruka.

Mwaka wa 1943 yeye na Dorothy walihamia Kilmun, kijiji kilicho ufuoni magharibi mwa Uskoti. Huko, baada ya Vita Vikuu vya Pili, aliugusa tena msukosuko. Alipotembelewa na kijana Mmarekani, mtaalamu wa bahari Henry Stommel, wawili hao walisimama gatini na kurusha majini vipande vya mboga iitwayo parsnip, jamii ya karoti nyeupe, wakapima jinsi vinavyoachana. Mboga hiyo ilifaa kwa sababu huelea ikiwa karibu kuzama yote, hivyo haisukumwi na upepo, na weupe wake huonekana kwa urahisi. Kanuni ya mwaka wa 1926 ilionekana kufuatwa na bahari pia. Makala yao ilitoka mwaka wa 1948, nayo ni miongoni mwa makala chache za fizikia zinazoanza kwa mboga.

Mwaka wa 1950, nchini Marekani, Jule Charney na wenzake walifanya utabiri wa kwanza wa hali ya anga kwa tarakilishi, wakitumia mashine ya ENIAC ambayo iliundwa ili kukokotoa mwendo wa makombora. Utabiri wa saa 24 uliwachukua takriban saa 24. Charney alimpelekea Richardson matokeo. Mzee huyo aliwapongeza, kisha akafanya jaribio dogo la kisaikolojia: alimwekea Dorothy ramani mezani na kumwuliza ipi inayofanana zaidi na hali halisi iliyotokea, ile ya mwanzo ambayo haikubashiri chochote, au ile iliyokokotolewa. Kwa jumla, Dorothy aliipa ya tarakilishi ushindi mwembamba.

Lewis Fry Richardson aliaga dunia usingizini, nyumbani kwake Kilmun, tarehe 30 Septemba 1953. Vitabu vyake viwili vikubwa kuhusu vita vilichapishwa mwaka wa 1960, na uchunguzi wake wa mipaka ukatoka mwaka uliofuata. Benoit Mandelbrot aliusoma, na mwaka wa 1967 akaandika makala mashuhuri kuhusu urefu wa pwani ya Uingereza, iliyofungua njia ya elimu ya maumbo yaitwayo frakta. Miaka ishirini baadaye, mwaka wa 1987, mtaalamu wa mwako F. C. Gouldin aliichukua elimu hiyo na kuitumia kwa moto wenye msukosuko. Uso wa moto huo umejaa vipindo ndani ya vipindo, kama mpaka wa Uhispania na Ureno. Eneo lake hutegemea urefu wa rula, na eneo hilo ndilo huamua kasi ya kuungua. Tangu hapo tarakilishi imekuwa ikiupima moto wa injini kwa hesabu ambayo Richardson aliianza alipokuwa akitafuta chanzo cha vita.